Mdomo Niliouazima

Mwanaidi, mwanangu, mwanasheria wangu,

Leo nimefunga stoo saa sita mchana. Watu wameshapiga simu mara nne kuuliza kama naumwa, maana Mwanahamisi kufunga stoo siku ya kazi ni jambo la kutangazwa. Nimewajibu jino linauma. Wewe umekwenda kuagana na mwalimu wako, umesema utarudi magharibi, nami nimekaa juu ya robota la vitenge na karatasi hii ya kaki ya kufungia vitambaa. Daftari lipo mahali, lakini nikiinuka kulitafuta nitapata kisingizio cha kutoandika.

Habari za koti la baridi sizirudii. Habari za pasi ya kusafiria kukaa kwenye begi dogo, za kula asubuhi, za kunipigia ukifika Dar na tena ukifika Tanga, sizirudii. Hayo nimekuimbia mwezi mzima mpaka juzi ukasema, "Mama, basi." Basi.

Barua hii nitaitia kwenye begi lako la mkononi, ndani ya ile kanga ya kijani. Uifungue ndege ikishapaa. Usiifungue kabla, kwa sababu nakujua, utashuka.

Na usicheke herufi zangu. Mimi ni wa darasa la saba, lakini darasa la saba la zamani, na nilikuwa wa tatu katika darasa zima, na hao wawili walionipita walikuwa watoto wa walimu. Nimekuja Guangzhou na begi moja na baba yako. Leo Zhongda nzima, hayo maghorofa yote ya vitambaa, hakuna anayeweza kuniuzia plastiki akaniambia pamba. Nachomoa uzi, nauchoma, naunusa. Ukinuka karatasi ni pamba, ukijikunja kidonge cheusi, namrudishia robota lake. Hilo sikufundishwa na mtu.

Lakini Kichina kimenishinda. Miaka kumi na mitatu, nimebaki na maneno ya sokoni tu: bei gani, ghali, hakuna, sitaki, bosi. Sababu unaijua. Nilikuwa na wewe. Mwenye punda hajifunzi kubeba, na mimi sikuwa na punda, nilikuwa na mtoto.

Nianze na yule wakili wako.

Jina lake silitamki, kila nikijaribu wewe unacheka, kwa hiyo namwita wakili wako. Ulipoambiwa chuo kule Marekani kinataka uandike insha juu ya maisha ya mtu mmoja, mimi nilidhani utaandika maisha yangu. Nilikuwa tayari hata nimeshafikiri nitavaa nini siku ya kuhojiwa. Ukaja na mzungu wa karne ya kumi na tisa, mwenye ndevu bila masharubu, wakili, mwanasiasa, halafu mwanajeshi. Nikasema moyoni, haya, mtoto wa watu kapenda ndevu.

Lakini nilijivuna, wallahi. Nilimwambia kila mtu. Wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou niliwaambia hata wateja nisiowajua, nimewashika shati: mwanangu kaandika maisha ya wakili wa Marekani, kwa Kiingereza, kurasa kumi na mbili, na wamemchukua bure, chakula na kitanda. Mama Gloire, yule Mkongo wa stoo ya pili, akachoka. Unamjua alivyo. "Weye Mwanahamisi, unajivuna sana, ma chère! Kila siku mutoto, mutoto. Na sisi tulizala mbuzi?" Nikamwambia, "Gloire wako kaandika kurasa ngapi?" Hakunisemesha siku mbili.

Kumbe nilikuwa nasambaza insha nisiyoijua.

Unaikumbuka siku uliyonisimulia? Tulikuwa tunakunja yale mapazia ya rangi ya maziwa, wewe ncha ile, mimi ncha hii, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Nikasema, hebu nieleze na mimi huyo mtu wako, nisije nikaulizwa nikaaibika. Ukaanza.

Ukasema alizaliwa shambani, mtoto wa watu wasio na kitu. Hakwenda chuo. Alijifunza sheria ofisini kwa wakili mwingine, ananakili karatasi mchana kutwa mpaka zikamwingia kichwani. Hapo nikampenda. Nikasema huyu ni mimi kabisa, mimi na vitambaa. Ukasema akawa wakili wa kuzunguka, mji huu leo, mji ule kesho, juu ya farasi pamoja na jaji, wakilala nyumba moja ya wageni na usiku wakila meza moja na watu watakaoshitakiana asubuhi. Alikuwa na maneno. Akisimama kumtetea mwizi wa nguruwe, hata mwenye nguruwe analia.

Halafu akaingia siasa kwa maneno hayo hayo. Akawa bungeni kwao. Huko, ukasema, kuhusu watumwa alisema hivi mbele ya hawa na vile mbele ya wale, kwa sababu alikuwa anasema alichotumwa na wapiga kura. Nikasema, "Ndiyo siasa." Ukasema, "Ndiyo, mama," ukaleta ncha yako ya pazia, tukakutana, ukarudi.

Kisha vita vikaja, watu wa kaskazini na wa kusini wa nchi moja. Wakili akakusanya vijana wa wilaya yake, akafanywa kapteni, na hakuwahi kushika bunduki isipokuwa ya kuwinda. Walimpenda. Asubuhi moja akaletewa amri kwamba arudi nyuma na watu wake, mahali pale hapashikiki. Aliyeileta ni askari wa kawaida, mshona viatu, mtu mzima mwenye mke. Aliileta kwa wakati. Wakili akaisoma, akaitia mfukoni. Alijiona anajua kupanga watu wake kuliko huyo jenerali aliyekaa mbali. Akangoja. Na vijana wakafa pale, watoto wa majirani zake, wengi wao alikuwa ameandika wosia wa baba zao.

Na kwenye ripoti akaandika: amri ilichelewa kuletwa.

Nilikuwa nimeshika ncha ya pazia. Wewe uliendelea kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma lebo. Ukasema mshona viatu hakubisha. Nani angemwamini, mbele ya wakili? Akahamia mji mwingine, akashona viatu huko, na watu wa kwao walipopita dukani hawakuingia. Wakili akachaguliwa tena, akawa mkubwa. Uzeeni akaandika kitabu cha maisha yake, kurasa mia kadhaa, na katikati akatia mstari mmoja: amri ilifika kwa wakati, kosa ni langu. Mstari mmoja. Na mshona viatu alikuwa ameshazikwa.

Nikakuuliza, "Sasa faida yake nini?"

Ukasema, "Sijui, mama. Ndiyo maana nimeandika."

Nikasema nakwenda chooni. Nilisimama mbele ya bomba, maji yanatoka tu. Niliporudi ulikuwa umemaliza kukunja peke yako, na hukuniangalia. Mpaka leo sijui kama ulimchagua mtu huyo makusudi, au ulimkuta kitabuni na moyo ukasimama bila kujua kwa nini umesimama. Sikuulizi. Ila mimi nilikuelewa.

Mwanaidi, ulikuwa na miaka tisa nilipoanza kukuazima mdomo. Shule ya huku ilikuwa imeshakugeuza Mchina mdogo, unaongea mpaka wenye maduka wanatoka nje kutazama sauti inatoka wapi. Nilikuweka mbele yangu, mkono wangu mgongoni kwako, juu kidogo ya kiuno. Nikikufinya mara moja, maana yake shikilia neno lako, usiteremke. Nikikufinya mara mbili, tunaondoka, na tunaondoka kweli, polepole, mpaka bosi atuite. Walitoa peremende, wakatoa na bei. Wanawake wenzangu walikuwa wananionea wivu. Mama Gloire alisema, "Ule mutoto ni mashini." Nilivimba kichwa mwezi mzima.

Siku moja nilikwambia umwambie bosi wa mashuka kwamba kuna duka ghorofa ya pili linatuuzia kwa bei ya chini zaidi. Halikuwepo. Ukasema, akateremka, tukafunga mzigo. Tulipotoka nje ukanishika kidole, ukauliza, "Mama, pale aliyedanganya ni mimi au wewe?"

Nilicheka. Nikakwambia, "Wewe ni simu tu. Mtu akisema uongo kwenye simu, simu ina kosa gani?" Ukafikiri. Ukasema, "Lakini simu haijui inasema nini." Nikakununulia embe lililokatwa, lile la kwenye kikombe, tukaenda zetu. Nilijiona mama hodari sana wa kujibu maswali.

Sasa nakuja pale.

Baba yako alipolazwa ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Daktari alikuwa mwanamke, miwani yake imeteremka puani. Alitutoa nje, pale kwenye mashine ya maji ya moto, akatafuta mtu mzima wa kusema naye, akaniona mimi nimekutanguliza wewe mbele. Akachuchumaa ili awe sawa na uso wako. Alisema kwa muda mrefu. Wewe umeweka mikono nyuma kama mtoto wa madrasa anayesikilizwa sura. Alipomaliza ukanigeukia.

Maneno yako ninayo yote. Ukasema: "Mama, daktari anasema ini la baba limekwisha. Anasema kama tunataka afike kwa bibi, aende wiki hii hii. Anasema wiki ijayo hakuna ndege itakayomchukua. Amesema nikwambie vizuri." Halafu ukaniuliza, "Nimekwambia vizuri?"

Nikasema, "Umeniambia vizuri."

Hilo nataka uliweke mahali pasipolowa. Uliniambia kwa wakati. Uliniambia vizuri.

Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi tulikuwa tunapakia kontena la Idi. Nikajiambia madaktari wa huku wanatia chumvi, wanataka tu kutuondoa kitandani. Nikajiambia, kontena kwanza, Ijumaa tunasafiri. Mama Gloire angenipakilia, na vijana wa kubeba walikuwepo. Sikumwomba. Nikwambie ukweli ambao hata Mungu nilimwambia kwa kuzunguka: sikumwomba kwa sababu niliamini hakuna mtu Guangzhou hii anayejua kupanga kontena kama mimi. Kontena langu halina nafasi ya kupitisha mkono, watu hupiga picha. Niliogopa Mama Gloire ataacha mianya, wateja waseme Mwanahamisi siku hizi kalegea.

Tulirudi chumbani. Baba yako hakuniuliza mimi, alikuuliza wewe, kwa sababu kwa mambo ya Kichina alikuwa anakuamini kuliko mtu yeyote. "Daktari kasemaje, Mwana?" Mimi nyuma yako, mkono mgongoni. Nikakuinamia sikioni nikakwambia la kusema. Ukageuza shingo kunitazama. Nikakufinya mara moja.

Ukasema, "Anasema upumzike, baba. Dawa zinafanya kazi."

Akakupapasa kichwa. "Mwanangu kasema, basi."

Alhamisi nilipakia kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Niliporudi hospitali nanuka jasho na gundi ya mapakiti, akaniuliza, "Limefungwa?" Nikasema, "Limefungwa, hata mkono haupiti." Akacheka kidogo kwa yale meno yake. "Mke wangu," akasema. Na Ijumaa homa ikampanda, hatukusafiri. Tulimpeleka uwanja wa ndege wa Baiyun Jumanne ya pili, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa shati la kijivu alilosema ndilo la kushukia kwa mama yake. Yule dada wa kaunta akamtazama, akamwita mwenzake, wakamtazama wote wawili, wakasema neno. Baba akakuuliza, "Wanasemaje?" Ukanitazama mimi. Nikakufinya. "Wanasema karatasi moja haijakamilika, baba. Tutarudi kesho."

Hatukurudi. Alikufa Jumamosi, tukamzika huku, na udongo wa huku ulikuwa umelowa mvua.

Hayo ni kosa. Watu hukosea, nami ningelia na kosa langu nikalizoea. Nililofanya baada ya hapo si kosa, ni kitu kingine, sina jina lake. Wewe mwanasheria utakuwa nalo.

Siku ya tatu bibi yako alipiga simu kutoka Tanga. Nilikuwa stoo, wewe umekaa juu ya robota unabandua lebo. Alilia, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Hivi huko hakuna daktari? Hakuwaambia mapema mniletee mwanangu nimuone?"

Nikasema, "Daktari alimwambia mtoto, mama. Mtoto akaogopa, akanificha."

Lilitoka tu. Halikutetemeka hata kidogo. Wewe ukainua uso. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, na ulikuwa bado una jino moja linatikisika. Nilingoja upige kelele. Nilikuwa tayari, ungesema "mama muongo" ningekiri hapo hapo simu ikiwa wazi. Hukusema. Ukainamisha uso ukaendelea kubandua lebo, na ukaibandua vizuri bila kuichana.

Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, ukaamua kunificha aibu yangu. Na mimi mtu mzima nikakuachia.

Miaka minane, kila Idi, bibi yako akipiga husema, "Nisalimie wote." Wote. Hajawahi kuuliza, Mwanaidi yuko wapi, nipe nimsikie sauti. Zawadi zako alikuwa anazipokea kwangu. Ukawa unatoka nje simu yake ikiingia, unasema unakwenda kununua maji. Nilikuona. Stoo imejaa maji ya chupa, wewe unakwenda kununua maji.

Jumapili iliyopita, wakati tunapima uzito wa begi, uliniuliza bila kunitazama: "Bibi atanipokea?" Wiki tatu utakaa kwake kabla ya kwenda Marekani. Nikasema, "Atakupokea, kwani we mgeni?" Nikafunga zipu kwa nguvu. Lakini usiku ule usingizi haukuja, nikakuona umesimama mlangoni Tanga na begi lako, mbele ya mama aliyezuiwa kumzika mwanawe, na yeye anakutazama wewe kama aliyemzuia.

Jana niliandika barua yake. Ukurasa mzima, nimeeleza kila kitu. Bibi yako macho yamekufa, hasomi, kwa hiyo nilipanga wewe umsomee. Nimeshaikunja nimeshaitia kwenye bahasha ndipo nikajiona. Mwanahamisi, unamfinya tena mtoto mgongo. Unataka asimame mbele ya mkwe wako aseme maneno yako kwa mdomo wake, na wewe umekaa umbali wa bahari nzima. Nikaichana vipande vidogo.

Leo baada ya adhuhuri, wewe umetoka, nimefunga stoo, nimempigia. Kwao ilikuwa asubuhi. Nilisikia kikombe kinawekwa kwenye kisahani.

"Nani?"

"Mwanahamisi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo mtoto keshaondoka?"

"Kesho, mama. Mama, nina neno. Lile la daktari. Mtoto hakuficha. Aliniambia siku ile ile, aliniambia vizuri. Mimi ndiye niliyengoja. Nilikuwa napakia kontena."

Nikadhani mtandao umekatika. "Mama?"

"Nipo. Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, maana ya kwanza unairusha, ya pili unaitembea.

Akauliza, "Mwanangu alijua? Kwamba njia ya kuja ipo?"

"Hakujua. Nilimwamrisha mtoto amfiche."

Akapumua. Nikasikia anamwambia mtu afunge redio. Kisha akasema, polepole sana, "Kwa hiyo mimi miaka minane nimemnyima mtoto wa mwanangu salamu."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unasikia."

"Nasikia, mama."

Sikujitetea. Unanijua, mimi najitetea hata nikikanyagwa mguu, lakini leo sikujitetea. Nililia kwa pua tu, asisikie. Yeye hakulia. Akauliza, "Anapenda kula nini?"

Nikasema, wali wa nazi, na samaki wa kukaanga asiye na miba mingi, na ile tambi ya sukari.

"Tambi nitapika mwenyewe," akasema. "Mtoto aje. Wewe kaa huko huko. Nitakuita siku nitakayoweza."

Akakata. Hakuaga, na sina haki ya kuagwa.

Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Nilikuwa nimepanga Idi ijayo nije Tanga na masanduku matatu, niteremke kama malkia, niseme mmemuona mwanangu wa Marekani? Sasa nitangoja kuitwa. Huenda akaniita, huenda asiniite. Usinisemee kwake. Akianza kunitukana mbele yako, mwache amalize, wewe kula tambi. Na ukienda kuulizwa na shangazi zako, huna la kueleza, nimeshaeleza.

Nawe pia hulazimiki kunisamehe kwa sababu niko mbali na ninatia huruma. Nakujua, una moyo wa kufunika watu. Nilikufundisha mimi, kwa njia mbaya. Ukiwa na hasira, kaa nayo, niandikie hata kurasa kumi na mbili. Nitamwomba mtu anisomee zile za Kiingereza, na zikinichoma sitamwambia aruke mstari.

Sikufundishi uwakili, mimi wa darasa la saba. Utasimama kuwasemea watu maisha yako yote, ndiyo kazi uliyoichagua, na labda ni mimi niliyekuchagulia bila kujua. Najua kitu kimoja tu kuhusu kazi hiyo, nimekijua kutoka upande mbaya wa mkono: anayesema huwa anasikia mwenyewe analosema. Nilikwambia wewe ni simu. Ulinikatalia ukiwa na miaka tisa, na ulikuwa sahihi.

Nilikuuliza faida ya mstari mmoja wa yule mzee. Bado sijui. Ila yeye alichelewa, mshona viatu hakuusoma. Wewe umeketi juu ya mawingu sasa hivi, unausoma, na unakwenda mahali panapopikwa tambi.

Kesho asubuhi tutasimama tena Baiyun, kwenye kaunta kama ile. Nimemwomba binti wa duka la vifungo anifundishe sentensi tatu: huyu ni binti yangu, anasafiri peke yake, tafadhali mpeni kiti cha dirishani. Nimezikariri tangu juzi, Mama Gloire anasema naongea kama mtu anayekabwa. Wakicheka, wacheke. Wewe utasimama pembeni na begi lako, na utaona mkono wangu hauko mgongoni kwako. Usidhani nimekasirika. Sababu ni haya niliyoandika.

Kaburi la baba yako nitalitembelea kila Ijumaa, naye nimeshamwambia, nilianza na yeye.

Na lile swali la nje ya duka la mashuka, ukiwa umenishika kidole, nikakununulia embe badala ya kukujibu. Ni mimi, Mwanaidi. Aliyedanganya pale ni mimi, na hospitali ni mimi, na kwenye simu ni mimi.

Mama yako,
Mwanahamisi